Makufuli Kumi na Moja ya Metro Hawryluk

Metro Hawryluk alilitamani Kombe la Ziwa kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo alishika nafasi ya pili mara tisa. Kushika nafasi ya pili mara moja ni bahati mbaya. Mara tisa, hicho sasa ni cheo. Pale Vesnivka, katika nyanda za Manitoba, mtu akikosa kitu kwa kucha tu, iwe kiti cha mbele kanisani au mchumba, watu walisema, "Huyo kapata cha Metro."

Mchezo wenyewe ni wa kusukuma mawe mazito juu ya barafu mpaka yaingie kwenye duara, huku wenzako wawili wakifagia mbele ya jiwe kwa pupa, kama nyumba iliyosikia wakwe wameshafika kona. Wanacheza wanne kila timu, na nahodha ndiye anayesimama upande wa pili na kupiga kelele. Jina la nahodha anayeshinda huchongwa kwenye kombe. Metro alikuwa nahodha, na kwa kelele hakuwa na mpinzani magharibi ya ziwa. Ila alikuwa na miaka sitini na minane na goti moja la chuma, na daktari alimwambia wazi kwamba mwakani atazame kwenye runinga. Kwa hiyo fainali ile ya Jumamosi, saa nne asubuhi, kule ziwani mwendo wa dakika arobaini kwa gari, ilikuwa ya mwisho. Ama jina lake lichongwe, ama azikwe na cheo chake.

Sasa, nyumbani kwake kulikuwa na Nestor.

Nestor alikuwa kaka wa Slawka, mke wa Metro. Alikuja mkesha wa Krismasi yao, ambayo kwa kalenda ya zamani ya kanisa lao huangukia Januari. Usiku ule watu hawa huandaa vyakula kumi na viwili visivyo na nyama, na huacha kiti kimoja wazi na sahani yake mbele, kwa ajili ya marehemu wa ukoo au mgeni yeyote atakayebisha hodi. Vizazi vinne vya akina Hawryluk vilikuwa vimeacha kiti hicho wazi, na katika vizazi vyote vinne hakuna aliyewahi kutokea kukikalia, jambo lililowasaidia sana kuipenda desturi. Mwaka huu Nestor, ambaye hita ya trela alilokuwa akiishi ilikufa, aliingia, akakung'uta theluji, akaketi. Kiti kikampenda. Sasa ilikuwa katikati ya Februari.

Haikuwa gharama iliyomuudhi Metro. Metro hakuwa bahili, au tuseme hakuwa bahili kuliko wenzake. Kilichomkera ni kwamba Nestor haombi. Kila asubuhi Nestor alitia chupi zake ndefu za sufi kwenye mashine ya kukaushia nguo, zikazunguka dakika kumi, akazivaa zikiwa bado zinatoa mvuke. Saa nane mchana alichoma soseji za vitunguu saumu kwenye kioveni cha mezani. Alioga dakika hamsini, akatoka amekunjamana vidole, na kioo cha bafuni kikakaa siku mbili bila kuona sura ya mtu. Na kile kiti cha umeme kinachokanda mgongo, ambacho Metro alizawadiwa alipostaafu kwenye ghala la nafaka, Nestor alikikalia mpaka kikaanza kutoa sauti kama ng'ombe anayezaa.

"Shemeji," Metro alimwuliza siku moja, "hiyo mashine umemwomba nani?"

"Yenyewe," akajibu Nestor. "Nimebonyeza, ikakubali."

Siku hiyohiyo Metro aliagiza makufuli.

Vilikuja vikasha vidogo vyekundu vya plastiki. Unaingiza kichwa cha plagi ndani, unakifunga, unatia kufuli, na chombo kinabaki kimya kama mbwa aliyefungwa mdomo. Metro akatembea nyumba nzima na bisibisi, anapiga mluzi. Mashine ya kukaushia nguo, kioveni na kiti cha kukanda vikafungwa kwanza, kisha birika la umeme. Mashine ya kahawa, kibaniko cha mkate, maikrowevu, runinga, vyote vikafungwa, hata kile kidude cha Slawka cha kukaushia nywele, kwa sababu siku moja Nestor alionekana akikaushia nacho viatu. Jiko na tangi la maji ya moto havikuwa na plagi ya kufungwa, basi akazima swichi zake na kulifunga sanduku la swichi lenyewe kule chini. Jumla makufuli kumi, na ufunguo mmoja unaoyafungua yote, aliouvaa shingoni pamoja na msalaba. Ufunguo wa akiba aliukata vipande viwili kwa msumeno wa chuma. Ufunguo wa pili, alisema, ni mwizi anayesubiri kuajiriwa.

Slawka alisimama mbele ya birika na kikombe mkononi.

"Metro, nimekaa nyumba hii miaka arobaini na mitatu. Nataka chai."

"Omba tu, mama. Kwani nitakukatalia?"

"Nikuombe?"

"Ni utaratibu tu. Ukiwepo utaratibu, kila mtu anaheshimika."

Slawka alimtazama kwa muda kama mtu anayetazama doa na kujiuliza kama litatoka. Halafu akavua aproni, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaenda nayo kwenye ukumbi wa kanisa, ambako akina mama walikuwa wanafinyanga perohi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, ya kuuza siku ya fainali. Tangu hapo chakula chake alikipikia huko, alikilia huko, na nyumbani alirudi kulala tu.

Kufuli la kumi na moja lilikuwa la nje. Baridi ya Vesnivka si ya kusimuliwa na watu waongo, maana watapunguza. Ukitema mate yanatua chini yakilia kama shilingi. Kwa hiyo kila gari la huko lina waya unaochungulia mbele kama ulimi, na mtu akitaka liwake asubuhi huuchomeka kwenye soketi ya ukutani saa mbili kabla, hita ndogo ikapasha injini. Nestor alikuwa na tabia ya kuchomoa gari la Metro na kuchomeka lori lake. Metro akaivalisha soketi kifuniko cha chuma, akatia kufuli kubwa la shaba linalofunguka kwa ufunguo uleule.

Nestor hakugomba. Alilihamishia lori ng'ambo ya barabara, kwa mjane mmoja aitwaye Pearl Dziedzic, ambaye alikuwa na soketi mbili, birika moja, na hamu kubwa ya mtu wa kumsikiliza.

*

Jumamosi yenyewe ilikuja na nyuzi arobaini chini ya sifuri. Slawka aliondoka kabla ya mapambazuko na basi dogo la kanisa, perohi mia nane nyuma yake. Metro aliamka saa moja kamili, akavaa sweta la timu, akavaa koti kubwa, akatoka kwenda kuchomeka gari. Alivua ufunguo shingoni, akautia kwenye kufuli la shaba. Ufunguo uliingia vizuri. Kuzunguka ukakataa. Akauvuta, na kutoka ukakataa pia. Unyevu ulioingia juzi ulikuwa umegeuka jiwe ndani ya kufuli.

Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na muda. Akaingia ndani kuchukua kidude cha kukaushia nywele, akakikuta na kikasha chake chekundu. Akashika birika. Kikasha. Akafungua bomba la maji ya moto, likampa maji ambayo samaki angeomba blanketi. Metro alisimama katikati ya jiko lake, amezungukwa na vyombo saba vya kuleta joto, vyote vimemtii. Akapata viberiti, vijiti sita; upepo ukavizima vyote sita kwa zamu, bila haraka.

Ikawa saa mbili na robo. Injini iliyoganda inahitaji walau saa nzima ya hita, na muda zaidi ya huo hakuwa nao. Ndipo akafanya kile ambacho kila mtoto wa Vesnivka hukifanya mara moja tu, akiwa na miaka mitano, kwenye mlingoti wa bendera ya shule, na hakirudii tena maisha yake yote kwa sababu alama inabaki. Aliliinamia kufuli alipulizie pumzi ya moto. Akapuliza. Akasogea kidogo. Akapuliza. Akasogea kidogo tena.

Mdomo wa chini ndio uliotangulia kunasa kwenye chuma kilichoganda. Wa juu ukaja kuusaidia.

Nusu saa nzima Metro Hawryluk, aliyekuwa meneja wa ghala, mjumbe wa kamati ya Kombe la Ziwa, alisimama ameinama uani kwake, ameushika ukuta kwa mikono miwili, midomo imenasa kwenye kufuli lake mwenyewe. Alijaribu kupiga kelele. Kelele nayo inataka midomo.

Hatua zikalia kwenye theluji. Zikasimama.

"Shemeji," ilisema sauti ya Nestor. "Habari za asubuhi."

"Nnnh."

"Tumekuona kutoka dirishani. Pearl anasema unaikagua soketi. Mimi nikasema hapana, yule anasali. Tumebishana kikombe kizima."

"Nnnnh!"

"Umeganda?"

Metro alimgeuzia jicho moja. Lilikuwa jicho ambalo zamani liliwatoa jasho wakulima waliochanganya mchanga na ngano.

"Ngoja, ngoja, usijing'oe, utaacha sura hapa. Kunataka maji ya moto." Nestor akaingia ndani. Alizunguka humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akafungua makabati, akaimba kidogo, akarudi. "Sasa shemeji, tuna tatizo. Birika lina kufuli. Maikrowevu ina kufuli. Bomba ndilo lililonitukana kabisa. Ufunguo uko wapi?"

Metro akateremsha macho mpaka kwenye ncha ya pua yake.

Nestor akainama kutazama. "Aaa! Huo hapo! Umeuweka mahali pazuri, mwizi hawezi kuufikia." Akajinyoosha, akapapasa tumbo la koti lake, akafikiri. "Basi, kwenye boma hili zima yamebaki maji ya moto ya aina moja tu. Na hayo hayatumii umeme."

Akafungua kifungo cha chini cha koti.

Jicho la Metro likapanuka likawa kama sahani ya kikombe.

"Tulia. Mimi nimebadilika, umenifundisha adabu. Nyumbani kwa mtu sifanyi jambo bila ruhusa. Niombe."

"Nnnh-nnh!"

"Hiyo ni ndiyo, au ni baridi?"

Metro alifumba jicho. Hakuwahi kumwomba mtu kitu. Mke alimpata kwa sababu baba yake alimwombea. Kazi aliipata kwa sababu aliyekuwapo alikufa. Kisha akaona kombe, kwenye kabati la vioo kule ziwani, na ile sehemu laini chini ya jina la mwisho ambayo kwa miaka thelathini na moja ameipimia herufi zake kwa macho, moja moja.

"Saa tatu kasorobo, shemeji," akasema Nestor. "Nasema tu. Lori langu liko hapo kwa Pearl, limeshapata moto, linanguruma kama padri baada ya sikukuu. Tungewahi."

Ilitoka sauti kutoka puani kwa Metro, ndefu, nyembamba, inayopanda mwishoni. Haikuwa na neno ndani yake, lakini mtu yeyote aliyewahi kukopa angeitambua.

"Nzuri," akasema Nestor kwa upole. "Haikuuma, au imeuma? Fumba macho."

Kikaja kitu cha vuguvugu juu ya mdomo wa Metro, kikateremka kwenye kidevu, kikaingia kwenye kola ya sweta la timu. Metro alisimama akiwaza mambo ambayo hayajachapishwa katika kitabu chochote cha sala. Kikaja tena. Mdomo wa juu ukaachia. Nestor akasema, "Bado kidogo, usichoke," na kikaja mara ya tatu, na Metro akang'oka, akarudi nyuma hatua nne, akakaa kwenye theluji, ameliachia kufuli kipande cha ngozi kama stempu.

Akajilamba bila kutaka. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na maziwa.

"Kahawa!"

"Ya Pearl," akasema Nestor, akifunga chupa ya chai na kuirudisha ndani ya koti. "Kwani ulidhani nini?"

*

Wangewahi kweli, kama Metro asingetafuta plasta, na kama damu ya mdomo ingekubali kusimama, na kama Nestor asingesimamisha lori njiani kununua donati.

"Sasa?" Metro alifoka, kwa mdomo uliovimba kama soli. "Unasimama sasa?"

"Shemeji, tangu makufuli yaje sijapata kifungua kinywa nyumbani kwako. Nikianguka kwenye usukani utaomba ruhusa kwa nani?"

Waliingia ukumbini saa nne na dakika ishirini na mbili. Mawe yalikuwa yameshaanza kutembea. Upande wa pili wa barafu, mahali pa nahodha, alisimama Phyllis Yakimchuk, msaidizi wa Metro, mama wa miaka sabini aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuhitaji. Alikuwa ananyoosha kidole tu. Wafagiaji walikuwa wanamwelewa.

Metro alijitupa kwenye lango la barafu, ufagio mkononi. Hapo akakutana na Einar Sigurdson, nahodha wa timu ya ziwani, mtu mrefu, mweupe, mpole mpaka inaudhi.

"Metro! Maskini, mdomo umefanya nini?"

"Niache nipite. Nacheza."

"Ningependa sana," akasema Einar, na uso wake ulionyesha angependa. "Ila kuna ile sheria. Mchezaji akifika mawe yameshaanza, haingii mpaka nahodha wa timu pinzani atoe ruhusa."

"Naijua sheria! Mimi ndiye niliyeiandika!"

"Ndiyo, najua. Kwenye kamati ulituambia kuwa bila hiyo kila mtu ataingia kama choo cha stesheni."

Watu waliokaa viti vya mbele waliacha kutafuna. Metro akameza mate yenye kahawa. Mdomo uliuma. Kwa mara ya pili asubuhi hiyo, na safari hii kwa maneno, akasema, "Einar. Naomba ruhusa."

Einar akatazama ubao wa alama. Timu ya Phyllis ilikuwa mbele kwa mawe mawili, ila inacheza watu watatu, na watatu huchoka. Akatazama chini.

"Samahani sana, Metro," akasema. "Hapana. Samahani, eh? Samahani kweli."

Hivyo ndivyo Metro alivyoitazama fainali yake, nyuma ya kioo, juu kwenye baraza la watazamaji, karibu na meza ya kanisa. Slawka alimletea sahani ya perohi na vitunguu vya kukaanga, akaiweka bila kuombwa, akasimama kando yake na mwiko.

"Wanacheza vizuri," Metro akakiri.

"Wanacheza bila kupigiwa kelele," akasema Slawka.

Nyuma yao, Nestor alikuwa amezungukwa na watu kumi na watano na anasimulia. Metro hakusikia maneno, ila aliona mikono. Aliona mkono ukifungua kifungo cha chini cha koti. Hakuona chupa ya chai. Watu wakaanguka magoti kwa kicheko, mmoja akatokwa na machozi, na hadithi ikateremka ngazi kutoka mdomo hadi mdomo, ikazunguka ukumbi, ikafika mpaka kwa yule anayewasha mashine ya kulainisha barafu.

Jiwe la mwisho lilikuwa la Phyllis. Alilisukuma taratibu, kama anayesogeza kiti cha mtoto aliyelala. Wafagiaji wawili waliobaki wakafagia mpaka migongo ikataka kutengana na wenyewe. Jiwe likapita kati ya mawili ya Einar, likagusa la tatu, likalisukuma nje, likakaa katikati ya duara kana kwamba limezaliwa hapo. Ukumbi ukalipuka. Vesnivka ilikuwa imechukua Kombe la Ziwa kwa mara ya kwanza tangu siku ambazo Metro alikuwa bado na nywele.

Mchongaji alikuwepo na kimashine chake, kama kila mwaka, na sheria ya kuchonga nayo ilikuwa wazi: linaandikwa jina la aliyekuwa akiongoza timu jiwe la mwisho liliposimama. Kimashine kikalia kama mbu. P, H, Y. Herufi zikajaa sehemu ile laini barabara, hazikuzidi, hazikupungua.

Metro akashuka ngazi, goti la chuma likilia kila hatua. Watu walimpisha, upana mkubwa kidogo kuliko kawaida. Akafika kwenye meza. Kombe lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana kwenye kabati, na ukingoni lilikuwa na bonyeo ambalo hakuwahi kulijua.

"Phyllis," akasema. Akavua kofia. "Naomba nilishike. Kidogo tu."

Phyllis akamtazama usoni, kwenye plasta, kwenye doa la rangi ya udongo lililokauka kwenye kola ya sweta la timu. Alikuwa mama mwema. Macho yake yalijaa huruma ya kweli.

"Kanawe kwanza, Metro."

"Ilikuwa kahawa," akasema Metro.

"Najua, mpenzi."

"Phyllis, nakuapia. Kahawa! Ya Pearl! Ilikuwa na maziwa!"

"Tunajua, Metro, tunajua," akasema Phyllis, na kwa upole mkubwa, kwa vidole viwili, akalisogeza kombe upande wa pili wa meza.